Salfa ya baharini huishia njiani, mkulima wa Choma ajipange

MKULIMA wa Choma, wilayani Igunga, akiona mahindi yake yamepauka na kugeuka manjano, jambo la kwanza analofikiria ni urea. Mara nyingi yuko sahihi. Lakini upo unjano wa aina nyingine ambao urea haiuondoi hata ikiongezwa mfuko juu ya mfuko: majani machanga ya juu ndiyo yanayopauka kwanza, wakati yale ya zamani ya chini bado yana rangi ya kijani. Mahindi yenye njaa ya naitrojeni hufanya kinyume chake, yaani huanza kuwa manjano kwenye majani ya chini.

Unjano unaoanzia juu, ukienea jani zima, huashiria kuwa mmea umekosa salfa. Kirutubisho hiki hakitajwi sana katika mikutano ya wakulima, na wenye maduka ya pembejeo hawaulizwi habari zake mara kwa mara. Wengi wanaijua salfa kama ule unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho ya Mtwara na Lindi dhidi ya ubwiri unga. Hiyo ni dawa. Hapa tunazungumzia salfa kama chakula cha mmea, na ili kuelewa kwa nini chakula hiki ni haba huku bara, inatupasa kwanza kwenda pwani kuangalia kinachofanyika ndani ya maji ya bahari.

Harufu ya bahari

Mtu wa Tabora anayefika Bagamoyo au Dar es Salaam kwa mara ya kwanza huinusa bahari kabla hajaiona. Husema ni harufu ya chumvi. Chumvi haina harufu. Fungua pakiti yoyote ya dukani unuse. Sehemu kubwa ya harufu ile inatokana na gesi yenye salfa ndani yake, ambayo wataalamu huiita daimethaili salfaidi, au DMS kwa kifupi. Si gesi ngeni kwetu, kwani ndiyo inayosikika pia sufuria ya mahindi mabichi au ya kabichi inapochemka jikoni.

Gesi hiyo hutengenezwa kutokana na mwani. Hapa hatusemi mwani ule mkubwa unaofungwa kwenye kamba na akina mama wa Zanzibar, ingawa nao una jamaa zake wenye tabia hiyo. Tunasema mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaoelea katika maji ya juu na kuishi kwa jua kama mahindi yanavyoishi. Maji ya bahari yana chumvi kali, na kila anayekausha samaki kwa chumvi anajua jinsi chumvi inavyonyonya maji kutoka kwenye nyama. Mwani huo ungenyonywa vivyo hivyo mpaka ufe. Ili kujikinga, aina nyingi hujaza ndani ya miili yao kemikali yenye salfa inayoitwa DMSP, ambayo husawazisha nguvu ya chumvi ya nje.

Salfa yenyewe wanaipata wapi? Bahari imejaa salfa. Lita 1 ya maji ya bahari ina takriban gramu 2.7 za salfeti, maana yake ndoo ya lita 20 ina gramu 54 hivi. Lakini asije mtu akadhani ni mbolea, kwa sababu pamoja na hizo gramu 54 kuna karibu gramu 650 za chumvi nyingine zitakazoua shamba. Mwani unafanya kazi ambayo sisi hatuwezi kuifanya kwa bei nafuu: unaitoa salfa ndani ya chumvi na kuiacha katika hali ya kuweza kupaa angani peke yake.

Jambo hili halikugunduliwa siku moja. Mwaka 1935 mkemia Paul Haas alieleza kuwa mwani mmoja mwekundu ulikuwa ukitoa DMS, na mwaka 1948 Frederick Challenger na mwenzake wakaitambua DMSP kuwa ndiyo asili yake. Hata hivyo, kwa miaka mingi wanasayansi waliendelea kuamini kwamba salfa inayorudi nchi kavu kutoka baharini hupaa kama gesi ya mayai viza. James Lovelock wa Uingereza alikuwa na mashaka. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kama kweli bahari ingekuwa inatoa gesi hiyo kwa wingi unaotakiwa, basi bahari yote ingenuka mayai viza. Mwishoni mwa mwaka 1971 alipanda meli ya utafiti iliyokuwa ikienda kusini mwa dunia, akapima maji njiani, na karibu kila alipopima aliikuta DMS.

Mwani unapofumuka

Kwa kawaida mwani huo uko kidogo kidogo. Lakini mara kwa mara hutokea mfumuko: maji yanapata virutubisho vingi ghafla, jua lipo, na kwa siku chache mwani unazaliana hadi maji yanabadilika rangi kuwa ya kijani, kahawia au nyekundu. Kwenye bahari yetu ya Hindi mfumuko mkubwa hutokea upande wa Somalia na Oman wakati wa kusi, kati ya Juni na Septemba, pale upepo unaposukuma maji ya juu na kuyaacha maji baridi ya kina kirefu, yenye rutuba, yapande. Karibu na miji virutubisho huletwa na mito na maji taka. Penye mashamba makubwa huletwa na mbolea iliyosombwa na mvua.

Je, kila mfumuko huongeza salfa? Hapana, na hili ndilo lililowasumbua watafiti muda mrefu. Inategemea ni mwani wa aina gani. Ipo aina yenye magamba ya kioo ambayo ina DMSP kidogo, hivyo maji yanaweza kuwa mazito kwa mwani bila harufu ya DMS kuongezeka sana. Ipo nyingine yenye magamba ya chokaa, na ile inayoitwa Phaeocystis ambayo huacha povu jingi kwenye fukwe za Bahari ya Kaskazini huko Ulaya. Hizi zina salfa nyingi mno.

Tena, mwani ulio hai na wenye afya huitunza DMSP yake ndani. Salfa hutoka kwa wingi pale mambo yanapoharibika: mwani unapoliwa na wadudu wadogo wa majini, unaposhambuliwa na virusi, au unapozeeka na kupasuka. Kwa hiyo kilele cha salfa katika maji hakilingani sana na kilele cha mwani. Mara nyingi hufuata baadaye, mfumuko unapoporomoka. Ni kama soko la vitunguu, harufu inakuwa kali siku vinapoanza kuoza kuliko siku viliposhushwa kwenye lori.

Ikishatoka, DMSP huwa chakula cha bakteria. Sehemu kubwa wanaila moja kwa moja wapate salfa na kaboni ya kujengea miili yao. Sehemu ndogo tu ndiyo hugeuzwa DMS, na hiyo nayo huliwa tena au kuvunjwa na jua kabla haijafika juu ya maji. Inayofanikiwa kupaa hewani ni kiasi kidogo sana cha kile mwani ulichotengeneza. Pamoja na hasara yote hiyo njiani, makadirio yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kuwa bahari zote za dunia hutoa angani takriban tani milioni 28 za salfa kila mwaka kwa njia hii.

Inapooza papo hapo

Kuna njia ya pili ya salfa, nayo ni ya hatari. Mfumuko ukiwa mkubwa mno kwenye ghuba au ufukwe usio na mzunguko mzuri wa maji, mwani uliokufa huzama chini na kuoza. Uozo hula hewa ya oksijeni mpaka iishe. Hapo huingia bakteria wasiohitaji oksijeni, ambao hupumua kwa kutumia ile salfeti ya maji ya bahari na kutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, yaani ile ya mayai viza.

Wakazi wa Walvis Bay nchini Namibia wanaijua harufu hiyo vizuri. Gesi hububujika kutoka kwenye tope la chini ya bahari na maji hugeuka meupe kama maziwa yenye ukijani, kiasi cha kuonekana na setilaiti. Elands Bay, Afrika Kusini, mwaka 1997 takriban tani 2,000 za kamba kochi zilijitoa zenyewe ufukweni kwa kukosa oksijeni baada ya mfumuko kuoza. Kwetu Afrika Mashariki, mwanzoni mwa mwaka 2002 samaki wengi walikufa katika pwani ya Somalia na kaskazini mwa Kenya hadi Kiunga, na mfumuko wa mwani ndio uliotajwa kuwa chanzo.

Lakini kisa kinachomgusa mkulima zaidi ni cha Bretagne, kaskazini magharibi mwa Ufaransa. Huko kuna ufugaji mkubwa wa nguruwe na mashamba yanayopewa samadi na mbolea nyingi. Naitrojeni inayozidi husombwa na mito hadi kwenye ghuba zenye kina kifupi, na mwani wa kijani wenye majani mapana hurundikana ufukweni kwa maelfu ya tani. Julai 2009, huko Saint-Michel-en-Grève, farasi alizama kwenye rundo la mwani uliooza, akafa kwa gesi, na aliyekuwa amempanda akazimia na kuokolewa. Julai 2011, nguruwe pori 36 walikutwa wamekufa katika eneo la mlango wa mto huko Morieux. Mbolea iliyonunuliwa kwa fedha ilikwenda kuua wanyama baharini badala ya kukuza mahindi shambani.

Jaruba nalo ni bahari ndogo

Msomaji anayelima mpunga kwenye bonde la Manonga anaweza kusema hayo ni ya Wazungu na bahari yao. Aingie kwenye jaruba lake lililotuamisha maji wiki kadhaa, akanyage tope, anuse. Viputo vinavyotoka wakati mwingine vina harufu ileile ya mayai viza, na kazi inayofanyika chini ni ileile: utando wa kijani na mabua yaliyozikwa yanaoza, oksijeni inaisha, bakteria wanageukia salfeti.

Kwa bahati nzuri udongo wenye chuma kingi huikamata gesi hiyo na kuifanya kuwa kitu cheusi kisicho na madhara makubwa. Tatizo ni udongo wa mchanga usio na chuma cha kutosha. Hapo gesi hubaki huru na kuunguza mizizi ya mpunga. Wajapani walilitambua tatizo hili zamani wakalipa jina la akiochi, wakimaanisha mpunga unaoanza vizuri halafu unadhoofu kuelekea mavuno. Kupima ni rahisi: ng'oa shina moja na kuosha mizizi. Mizizi yenye rangi ya kutu ni mizima. Mizizi myeusi yenye harufu ya mayai viza iko taabani, na tiba ya haraka ni kukausha jaruba kwa siku chache ili hewa iingie. Aidha, si vizuri kuzika mabua mabichi mengi na kufungia maji siku hiyo hiyo.

Safari ya kuja bara

Turudi kwenye ile DMS iliyopaa. Ikiwa hewani haikai sana. Kwa siku 1 au 2 jua na hewa huibadilisha, na hatimaye inakuwa chembechembe za salfeti. Chembe hizo huvuta mvuke na kuwa mbegu za mawingu. Mwaka 1987 Lovelock na wenzake 3 walidai kwamba kwa njia hiyo mwani unaweza kusaidia kupooza joto la dunia, hoja ambayo kufikia mwaka 2011 wataalamu wengine waliipinga vikali. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe. Linalotuhusu ni kwamba mawingu hayo yanaponyesha, salfeti hushuka na mvua na kuwa mbolea ya bure.

Anayenufaika kwanza ni aliye karibu. Kama misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo na bidhaa ikilipa hongo kwa kila mtawala njiani, wingu nalo hulipa kila linaponyesha. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kufika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba mwaka huo, shehena ikiwa imepungua sana. Salfa ya baharini ina safari ya namna hiyo. Mkulima wa Pangani au Bagamoyo hupata mvua iliyo na salfeti ya mwani na pia marashi ya mawimbi yanayopeperushwa na upepo. Choma iko kilomita 600 hivi kutoka Bahari ya Hindi, na mvua inayoifikia kati ya Novemba na Aprili imeshanyesha milimani na nyikani mara nyingi kabla.

Wengine watasema, mbona tuna Ziwa Victoria jirani? Ziwa hilo nalo hupata mifumuko ya mwani, hasa kwenye Ghuba ya Mwanza, na samaki hufa humo oksijeni inapoisha. Lakini maji yake ni baridi yasiyo na chumvi na yana salfeti kidogo sana, na mwani wake hauna sababu ya kujikinga na chumvi. Ziwa linatupa dagaa, na kwa bomba kutoka Ihelele, Misungwi, linaipa Igunga na Tabora maji ya kunywa. Salfa ya mvua halitupi kwa kiwango cha kutegemewa.

Jambo jingine la kutazama ni mto wetu. Manonga hauendi baharini. Maji yake huingia Wembere na kuelekea Ziwa Kitangiri. Hivyo biashara ya salfa kati ya Choma na bahari hupita njia mbili tu, angani na kwenye lori la mbolea.

Tunachotoa kuliko tunachopata

Zaidi ya asilimia 90 ya salfa iliyo katika udongo wa juu wa shamba la kawaida imo ndani ya mboji, yaani mabaki ya mimea na samadi. Kadiri mboji inavyopungua ndivyo salfa inavyopungua. Ardhi ya luseni, ile ya mchanga, ina mboji kidogo tangu mwanzo, na salfeti huoshwa kirahisi na mvua kubwa kwenda chini ambako mizizi haifiki. Mbuga nyeusi huhimili zaidi.

Kila gunia linalouzwa linaondoka na salfa. Tani 1 ya mahindi huchukua takriban kilo 1. Dengu, kunde, karanga na alizeti huchukua zaidi kwa kila tani, kwa kuwa salfa ni sehemu ya protini. Ndiyo maana yai, lenye protini nyingi, likiharibika hutoa harufu ile. Pamba, vitunguu na kabichi navyo vinaihitaji sana.

Halafu kuna moto. Mwandishi huyu haoni hasara inayofanywa kwa urahisi kama hii. Mabua na nyasi vikichomwa baada ya mavuno, karibu naitrojeni yote na sehemu kubwa ya salfa huondoka na moshi. Sehemu itarudi na mvua, lakini hakuna anayejua itanyeshea shamba la nani. Ng'ombe akila mabua hayo na samadi ikarudishwa shambani, salfa kubwa hubaki nyumbani. Wilaya yenye mifugo kama Igunga haikupaswa kuwa na zizi lenye rundo la samadi la miaka 10 huku shamba la jirani likiwa limepauka.

Kwamba salfa ya angani si kitu kidogo, Waingereza walijifunza kwa njia ya ajabu. Kwa miaka mingi viwanda vyao vya makaa ya mawe vilimwaga moshi wa salfa, na mashamba yakapata mbolea bila mkulima kujua. Tangu mwaka 1970 moshi huo umepunguzwa kwa zaidi ya asilimia 90 ili kuzuia mvua ya tindikali. Misitu ikapona, lakini ngano na mazao ya mafuta yakaanza kuonyesha unjano wa majani machanga, na wakulima wakaanza kununua walichokuwa wakipewa bure. Sisi hatukuwahi kuwa na moshi huo. Malawi, walioko mbali na bahari kama sisi, mbolea yao ya kupandia mahindi iliyozoeleka imeandikwa 23:21:0+4S, na hiyo 4S ya mwisho ni asilimia 4 ya salfa.

Dukani

Hapa ndipo mwenye duka la pembejeo anapoweza kumsaidia mteja au kumpoteza. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni na haina salfa kabisa. CAN haina. DAP haitegemewi kwa salfa. SA, yaani salfeti ya amonia, ina asilimia 21 ya naitrojeni na asilimia 24 ya salfa. Mbolea za tumbaku hutengenezwa kwa kutumia potashi ya salfeti, kwa sababu ile ya kloridi huharibu uunguaji wa jani, kwa hiyo wakulima wa Urambo na Sikonge wanaopanda mahindi palipolimwa tumbaku hula masalia ya salfa bila kujua. Kwa mbolea za kuchanganya tafuta herufi S kwenye mfuko. Ukikuta imeandikwa SO3, zidisha namba hiyo kwa 0.4 upate salfa halisi. Mfuko usio na maandishi yanayosomeka uache ulipo. Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 inataka yawepo.

Wateja wengi huikwepa SA kwa hesabu ambayo si mbaya: mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni, wa SA una kilo 10.5 tu, na nauli ya lori ni ileile. Ikinunuliwa kwa ajili ya naitrojeni peke yake, SA ni ghali. Lakini mfuko huo una pia kilo 12 za salfa, na ekari ya mahindi haihitaji zote. Kwa hiyo badala ya mfuko 1 mzima wa urea kwa ekari, mkulima anaweza kuweka kilo 40 za urea na nusu mfuko wa SA. Naitrojeni inakuwa kilo 23 na ushei, karibu sawa na mwanzo, ila sasa kuna kilo 6 za salfa. Muuzaji anayekubali kupima nusu mfuko mbele ya mteja, kutoka kwenye mfuko wenye lebo, ataona wateja wakirudi.

Tahadhari ni 3. SA huongeza tindikali ya udongo kuliko urea, hivyo kwenye luseni isitumike miaka mfululizo bila samadi. Isichanganywe na majivu wala chokaa, maana naitrojeni itaruka kama gesi. Na ile salfa ya unga ya mikorosho si mbadala wake. Mmea hauwezi kuila mpaka bakteria wa udongo waigeuze kuwa salfeti, kazi inayochukua wiki hadi miezi.

Kuna kitu cha kuchekesha kidogo hapa. Sehemu kubwa ya salfa inayouzwa duniani leo hutolewa kwenye mafuta na gesi asilia wakati wa kusafishwa, na nchi za Ghuba ni wauzaji wakubwa. Mafuta mengi asili yake ni mwani wa bahari za kale uliozama na kuoza bila oksijeni, ukinywa gesi ileile ya mayai viza. Kwa maneno mengine, salfa ya mwani inaweza kufika Choma kwa wingi, ila kwa bei ya dukani.

Jaribu kwanza

Kabla ya kutumia fedha, ni vizuri udongo upimwe. Vituo vya utafiti vya TARI Tumbi mjini Tabora na Ukiriguru mkoani Mwanza ni mahali pa kuanzia kuuliza, kupitia kwa afisa ugani wa kata. Asiyeweza kusubiri anaweza kuliuliza shamba lenyewe.

Pima vipande 2 vya mita 10 kwa 10 vilivyo karibu, visiwe chini ya mti wala palipokuwa zizi. Panda mbegu moja siku moja, na mbolea ya kupandia iwe ileile isiyo na salfa. Mahindi yakifika magotini, kipande cha kwanza kipe kilo 1.3 za urea. Cha pili kipe kilo 1 ya urea na gramu 650 za SA, zilizochanganywa siku hiyo hiyo. Fukia zote. Baada ya wiki 2 au 3 angalia majani ya juu ya pande zote mbili asubuhi, jua likiwa bado si kali. Wakati wa kuvuna, pima punje kavu za kila kipande kwa mizani, si kwa debe. Kila kilo 1 ya tofauti ni sawa na kilo 40 hivi kwa ekari. Zidisha kwa bei ya mahindi ya msimu huo, kisha linganisha na bei ya nusu mfuko wa SA ukiondoa bei ya kilo 10 za urea ambazo hukuzinunua.